Hodi Juu ya Paa la Bi Rukia

Vijana wa karakana wameniomba niandike. Wanasema mzee amestaafu na kichwa chake kimejaa mambo, basi ayaweke kwenye karatasi kabla hajayasahau. Hilo la kusahau sikulipenda, lakini nimekubali. Vyeo sitavitaja, kwa sababu sikupata vya kutosha kujaza ukurasa, na mishahara ilikwisha zamani. Nitaandika kazi.

Kwa asiyeijua, kazi yetu ni kukunja bati, kulifanya mabomba makubwa ya kupitisha hewa, na kuyafunga kwenye majengo. Wenyewe twayaita dakti. Watu huziona juu ya dari za hoteli na hospitali wasiulize nani aliziweka. Sawa tu. Dakti nzuri ni ile usiyoisikia wala kuikumbuka.

Nilifika Mombasa kutoka Rabai nikiwa na nguvu nyingi na akili kidogo, nikaajiriwa kwenye karakana moja nyuma ya Makadara. Fundi mkubwa alikuwa Fundi Swaleh, mzaliwa wa Kuze, Mji wa Kale, mtu mfupi wa kofia ya vito ya kushonwa kwa mkono, mkali kama siki. Siku ya kwanza alinipa kipande cha bati na nyundo ya mbao, akaniambia nikunje ukingo. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimejikata kidole gumba. Akakitazama kidole, akalitazama bati, akaenda zake kununua kahawa. Aliporudi alisema, "Bati lishakujua wewe ni nani. Sasa na wewe lijue."

Pole hakunipa. Plasta alinipa.

Kwake nilijifunza mambo ambayo mpaka leo nawasumbua nayo vijana. Nyundo ya chuma hulipiga bati, nyundo ya mbao hulisihi. Dakti ya hewa yenye maji iinamishe kidogo kuelekea nje, maana maji hayana adabu, yakiachiwa njia yatarudi kwenye mashine. Nyumba ya mawe ya matumbawe usiipige kwa mashine ya kutoboa, litameguka hata jiwe ambalo hukulikusudia. Chukua patasi, kaa kitako, subiri. Ukishatoboa ziba kwa chokaa, kwa sababu simiti na jiwe la matumbawe ni wake wenza, hawapikiani. Na lingine: bati lililokatwa lina meno. Ukilipitisha mtaani lifunike nguo, vichochoro vya Mji wa Kale vimejaa watoto wanaokimbia bila kutazama. Sheria hii ya nguo tuliifuata miaka yote. Karakana ilikuwa na shuka la kijani, zito, lililokuwa pazia zamani, nalo ndilo lililokuwa likifanya kazi hiyo.

Nimefunga dakti kwenye maghala ya majani ya chai, ambako unyevu ukiingia shehena nzima hunuka kama soksi. Nimefunga kwenye stoo ya dawa ambayo fundi mwingine aliyenitangulia aliweka mdomo wa kutolea hewa jirani kabisa na mdomo wa kuvutia. Mashine ikawa yatema na kunywa ilichotema, na vidonge vikaendelea kulainika kama pipi mdomoni. Tulicheka sana siku ile, ingawa aliyekuwa akisubiri zile dawa hakuwa na la kumchekesha. Fundi Swaleh alistaafu, kisha akafariki, na mimi nikabaki na nyundo yake. Hizo ni kazi nyingi, na nyingi zimechanganyika kichwani. Moja haijachanganyika na nyingine yoyote, nayo ndiyo nataka muisome.

Kuze kulikuwa na chumba cha vitabu vya wakfu, ghorofani kwenye nyumba ya zamani iliyopakana na msikiti. Vitabu vya kuandikwa kwa mkono, vya dini na vya tiba na vya mashairi, vingine vimeandikwa na mababu wa watu wanaoishi mtaa uleule. Unyevu ulikuwa umevivamia. Ukifungua ukurasa, koga inakuchungulia. Mlinzi wake alikuwa Maalim Twalib, mzee aliyekuwa akishinda mle tangu asubuhi hadi magharibi, akipangusa ukurasa mmoja mmoja kwa kitambaa kikavu. Kazi hiyo haikuwa na mwisho, na alijua.

Wafadhili wakapatikana, wakanunua mashine kubwa ya kukausha hewa, ya aina inayotumika viwandani. Mhandisi mmoja mpole akaja kutoka Nairobi kuchora ramani, nami nikaitwa kupima. Nieleze mashine yenyewe, kwa sababu bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Ndani ina gurudumu lenye dawa inayofyonza maji. Hewa ya chumba hupita upande mmoja wa gurudumu, huacha unyevu wake hapo na kurudi chumbani ikiwa kavu. Upande wa pili hupitishwa hewa ya moto, ambayo hulikausha gurudumu na kutoka nje na kila kilichonyonywa. Hewa hii ya pili ndiyo yenye matata. Lazima itolewe mahali pa wazi.

Na mahali pa wazi Kuze ni pa kutafuta kwa tochi. Upande mmoja wa chumba ulikuwa msikiti. Upande wa pili, ngazi. Upande wa tatu, kichochoro chembamba ambamo jirani na jirani huweza kupeana chumvi kupitia dirishani. Ukabaki upande wa nne, paa la nyumba ya Maalim mwenyewe, na chini ya paa lile ua wake. Maalim hakusita. Alituambia mimi na mhandisi, "Pitisheni kwangu. Juu ya paa langu, mdomo uelekee uani. Mimi na vitabu hivi hatudaiani."

Mashine ikachelewa kufika. Maalim akafariki ikiwa bado iko njiani.

Hapo ndipo jambo lilipokuwa zito. Mkewe, Bi Rukia, akaingia eda. Wasiojua nawaeleza: mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, na wanaume wasio jamaa zake wa karibu hawamtazami. Na sisi tulitakiwa kupanda juu ya paa linalochungulia ua wake, wanaume watatu wenye nyundo, siku baada ya siku. Kungoja eda iishe kusingewezekana. Wafadhili walikuwa wamesema wazi kwamba masika yakianza na chumba hakijakauka, vitabu vitafungwa kwenye masanduku vipelekwe Nairobi vikahifadhiwe. Wema wao siutilii shaka. Lakini Kuze nzima ilijua kitu kikienda Nairobi kuhifadhiwa huhifadhika kweli, hata mwenyewe asikione tena. Nduguye Bi Rukia, Bwana Omari, mwenye duka Ndia Kuu na mmoja wa wasimamizi wa wakfu, aliniambia Maalim alikata roho akiuliza kama mashine imefika. Kwa hiyo mjane yule alikuwa na mambo mawili ya mumewe mikononi: eda yake na vitabu vyake. Moja lilihitaji tukae mbali, lingine lilihitaji tupande.

Bwana Omari akasema, "Anzeni kwanza kazi ya ndani. La paa, niachieni nitafute namna ya kumwambia."

Tukaanza. Kipande kirefu cha dakti tulikikunja karakana, kwa kuwa chumba kile hakikuwa na nafasi ya kukunjia hata mkeka. Mkokoteni ulitufikisha mwanzo wa vichochoro ukagoma, haukupita. Tukakishusha. Mimi mbele, wenzangu Chengo na Baraka nyuma, bomba refu la pembe nne mabegani, na shuka la kijani juu yake.

Mwaona wenyewe tulivyofanana. Mimi sikuona, nilikuwa nimelitia bega na kutazama nilipokanyaga.

Wazee waliokuwa barazani wakasimama. Mmoja akavua viatu. Nikasikia mtu nyuma yangu akianza, "La ilaha illa Llah," na wengine wakaitikia. Kisha mkono ukanigusa, kijana mmoja wa dukani akanisogeza kwa upole, akatia bega lake pahali pa bega langu, kama ilivyo desturi yao, kila mmoja apate thawabu ya kulibeba jeneza hatua chache. Nyuma Chengo naye akapokewa, Baraka akapokewa. Nikawa natembea pembeni mikono mitupu, dakti yangu yaenda na watu nisiowajua wakileta tahalili. Nilijaribu kusema, "Jamani, si maiti, ni bati!" Lakini sauti ya mtu mmoja mbele ya tahalili ni nini? Tena walikuwa wakienda mbio, maana maiti hacheleweshwi, na nadhani wepesi wake uliwashangaza.

Wakauliza jeneza lao laenda kwa nani. Baraka, kwa kubabaika, akawajibu ukweli: "Kwa Maalim Twalib."

Wakasimama mlangoni pa Bi Rukia, mlango ambao jeneza lilikuwa limetoka majuzi tu.

Juu, nyuma ya dirisha la mbao, sauti ya mwanamke ikapasuka. "Nani huyo? Mwaniletea nani? Ni Nasoro? Niambieni, ni Nasoro?"

Nasoro ni mwanawe wa pekee, yuko Uarabuni kikazi. Hapo tahalili ilikatika. Mtu akafunua shuka, bati likang'aa. Watu wakaweka dakti chini kimya kimya na kuondoka mmoja mmoja bila kutazamana. Mimi nilibaki nimeshika kona ya shuka. Sijawahi kuona aibu kama ile, wala huruma kama ile.

Bwana Omari alikuja mbio kutoka dukani, kanzu ameikunja mkononi. "Kahindi, mwataka kumuua dadangu?" Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akajifuta uso, akasema, "Subhanallah. Haya, kesho utakuja umwombe radhi mwenyewe. Mimi siwezi kuieleza habari hii na mtu akaniamini."

Kesho yake alasiri nilikwenda. Walinikalisha ukumbini, Bwana Omari kando yangu, na Bi Rukia ndani nyuma ya pazia.

"Makiwa, Bi Rukia," nikasema.

"Yamepita, fundi." Sauti ilikuwa imechoka lakini imenyooka. "Jana ulibeba nini?"

"Bomba la hewa, Bibi. La kukaushia vitabu vya marehemu. Tulilifunika lisikate watoto. Niwie radhi, sikukusudia nikutie hofu ile."

Nikasikia kikombe kikiwekwa kwenye kisahani.

"Nimempigia Nasoro simu," akasema. "Alikuwa amelala. Nimemgombeza kwa kulala." Kisha akauliza, "Wale waliolibeba walisemaje, lilikuwa zito?"

"Jepesi, Bibi. Jepesi sana."

"Maalim naye alikuwa mwepesi, mwisho mwisho."

Bwana Omari akainamisha kichwa. Ni Bi Rukia mwenyewe aliyeendelea, bila nduguye kulazimika kutafuta namna yoyote.

"Omari hulizungukazunguka la paa kama paka na samaki wa moto. Najua mwataka kupanda. Maalim alishakuruhusuni, nami sitavunja neno lake. Lakini sikilizeni. Asubuhi nakuwa uani, nafua, naota jua. Msije. Pandeni baada ya adhuhuri, nami nitakuwa chumba cha ndani. Na kila mpandapo, semeni hodi. Nikijibu karibu, pandeni. Nisipojibu, ngojeni. Wala msikohoe. Watu wa siku hizi hukohoa wakadhani wamepiga hodi. Semeni hodi kwa ulimi."

Basi tukafanya kazi hivyo. Nimepiga hodi kwenye milango mingi maishani, ila paa lilikuwa moja tu. Twasimama juu ya ngazi, nyundo kiunoni, twaita "Hodi!" kuelekea ua usio na mtu, tunangoja. Kutoka ndani kabisa inakuja sauti, "Karibuni." Siku moja haikuja. Tulikaa juani kwenye ngazi mpaka Chengo akaanza kunung'unika, nikamwambia anung'unike kwa lugha ya kwao na kwa sauti ya chini. Baadaye "karibuni" ikaja, na nyuma yake, "Nilikuwa naswali." Hatukushuka bila kuaga, wala hatukuacha hata ribiti moja ya kufungia bati imeanguka uani, kwa sababu mjane angekanyaga.

Ukutani tulitoboa kwa patasi. Dakti tuliifunga kwa mikanda, hatukupiga msumari hata mmoja kwenye boriti za mikoko zilizobeba dari ile tangu enzi za watu tusiowajua. Tuliiinamisha kuelekea nje kama nilivyofundishwa. Viungo tuliviziba, pembezoni mwa tundu tukapaka chokaa. Mhandisi akaja, akapitisha mkono kila kiungo kutafuta hewa inayovuja, hakuipata, akanishika mkono. Mashine ikawashwa. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujikusanya, na vitabu vilikuwa bado Kuze.

Siku chache baadaye nilipanda kukagua. Nikapiga hodi, nikakaribishwa, nikafika kwenye mdomo wa dakti nikarudi nyuma. Harufu! Ile koga yote ya vitabu, miaka na miaka ya ukungu na ngozi na gundi ya kale, ilikuwa ikitoka pale ya moto moto na kushukia ua wa Bi Rukia. Nikamwazia. Mtu mwingine angetoka, angekwenda kwa jamaa zake Makadara akapumzika. Yeye amefungwa na eda chini ya mdomo ule. Nikarudi karakana nikakunja kiwiko cha bati na kipande cha kurefushia, nielekeze mdomo juu, upepo uichukue. Kesho yake nikapanda nacho.

"Hodi!"

"Karibu. Waja kufanya nini, fundi? Nilidhani mushamaliza."

"Naja kugeuza mdomo wa bomba, Bibi. Harufu yashuka kwako. Nisamehe, ilinipasa niwaze mapema."

Nilidhani amekwenda zake, nikaanza kufungua skrubu ya kwanza.

"Usiiguse!"

Niliacha bisibisi ining'inie.

"Fundi, hiyo ndiyo harufu aliyokuwa akirudi nayo," akasema. Sauti yake ilikuwa karibu zaidi, nyuma tu ya mlango wa ua. "Kila magharibi. Kwenye kanzu, kwenye ndevu, kwenye kofia. Nilikuwa nikimgombeza, nikimwambia, oga kwanza ndipo ule. Alipofariki, dada zake walifua nguo zake zote siku ya tatu. Walidhani wanisaidia. Sikubakiwa na hata leso." Akapumua. "Sasa nakaa hapa uani, naye yuwaja."

Nilikaa chini juu ya paa na kile kiwiko mapajani. Nilikuwa na jambo la kumwambia na sikupenda kulisema, lakini kumwacha asilijue kungekuwa kumdanganya.

"Bi Rukia, haitadumu. Vitabu vikikauka, hewa hii itatoka tupu."

"Lini?"

"Sijui. Hakika haitazidi masika."

"Haya," akasema. "Basi iwache iishe yenyewe. Usiimalize wewe."

Nikakaza skrubu niliyoilegeza, nikaaga, nikashuka.

Masika yalipiga mwaka ule, maji yakapita vichochoroni mpaka kifundoni. Wafadhili walituma mtu akapime chumba. Akapima, akafungua vitabu kadhaa, akasema havitakwenda popote. Bwana Omari alilia mbele ya watu bila kuona haya, na mimi nilikunywa kahawa nyingi kuliko inayonifaa. Nilidhani kazi imekwisha.

Kisha siku moja alasiri, mvua ikiwa imekatika, Bwana Omari akanipigia simu. "Dadangu asema mashine imesimama. Njoo upesi, Kahindi, ana wasiwasi sana."

Nilikwenda na vifaa vyote. Nikaingia chumba cha vitabu: mashine yanguruma taratibu kama kawaida yake. Nikapima hewa ya kuingia na ya kutoka, nikakagua gurudumu, nikapitisha mkono kwenye kila kiungo. Hakuna kasoro. Nikapanda paa. Nilipiga hodi, nikajibiwa "karibu" kwa haraka, kama mtu aliyekuwa akingoja mlangoni. Nikaweka kiganja kwenye mdomo wa dakti. Hewa yatoka, ya moto, yenye nguvu. Nikainama nikavuta pumzi. Ilinukia bati na jua, basi.

"Waiona, fundi?" akauliza kutoka nyuma ya mlango. "Imeharibika? Itatengenezeka?"

Miaka yangu yote ya kazi watu wameniuliza swali lile, na siku zote nimefurahi kulijibu.

"Haijaharibika, Bi Rukia. Yafanya kazi. Vitabu vimekauka."

Nikamsikia analia, kilio kile cha chini ambacho mtu hajizuii nacho tena, nami niko juu ya paa lake na kiganja kwenye hewa ya moto. Katika maisha yangu sijafunga dakti nzuri kuliko ile, na ni hiyo peke yake ambayo nimewahi kumwomba Mungu iharibike.